Sindano ya Hiari

Mbwa wetu hana jina. Bibi ndiye aliyekataza. Alisema kitu ukishakipa jina umeshakikaribisha ndani, na nyumbani kwake mbwa haingii, malaika wa rehema watapita mbali. Kwa hiyo tunamwita "yule". Yule ameshakula? Yule kalala wapi? Naye ameshazoea. Nikisema "yule", hata kama nazungumzia mtu mwingine, anainua sikio la kushoto. La kulia halisimami, kazaliwa nalo hivyo.

Ni mdogo sana. Watu wakimwona huuliza atakua lini, nami huona haya kuwaambia kwamba ameshamaliza kukua. Baba alimchukua kwa mlinzi mmoja wa shamba la minazi aliyekuwa anahama kijiji chetu cha Bweni kurudi kwao bara. Mlinzi akamwambia chukua, huyu akishakua hutaona tumbili shambani kwako. Tukamngoja akue. Akafika kimo cha kuku tetea, akaishia hapohapo. Siku Baba alipompeleka kufukuza tumbili, mmoja hata hakuteremka. Alikaa juu ya mpapai akaendelea kula papai letu huku anamtazama mbwa chini, kama mtu aliye kwenye kibanda cha video. Baba alicheka mpaka akashika mti.

"Yule mlinzi kanipatia kweli," alisema. "Kanipa panya, kaniambia mbwa."

Kumbe panya ndio aliokuwa anawaweza. Nyuma ya nyumba tuna banda ambamo Baba hukausha nazi ziwe mbata kabla ya kuzipeleka mjini Kilindoni, na panya wa Bweni wanapenda mbata kama sisi tunavyopenda maandazi. Asubuhi moja yule alijipenyeza chini ya mlango wa banda, tukasikia vurumai humo ndani, mara katoka na panya mdomoni, anamburura kwa sababu hawezi kumnyanyua. Tangu siku hiyo akawa na kazi, na Bibi akaacha kuuliza ataondoka lini.

Mimi ndiye ninayemlisha. Namwekea ukoko wa wali na vichwa vya samaki kwenye sufuria lililotoboka, nyuma ya jiko. Kumshika akiwa mkavu na mkono mkavu hakuna neno, lakini akinilamba au akiwa na maji, lazima nioshe mara saba, moja kwa udongo. Bibi ameweka kopo la udongo safi kando ya pipa la maji kwa ajili yangu tu. Shuleni wasichana wanajua. Kuna mmoja tunakaa dawati moja, nikimgusa tu kumwomba rula anarusha mkono juu anasema, "Mama mbwa! Leo sina maji ya mara saba!" Darasa zima linacheka. Mimi nacheka nao, halafu sisemi tena mpaka kengele.

Siyo kwamba sina la kusema. Mimi maneno huwa yananijia yote, yanajipanga vizuri, lakini yakifika mlangoni yanasubiriana. Yule mbwa hilo halimsumbui. Labda ndiyo maana tunaelewana.

Mwaka huu bwana mifugo alipokuja kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, Baba alinituma nimpeleke. Nilikuwa msichana peke yangu pale penye ofisi ya kijiji. Mbwa wengine walikuwa wakubwa, wamefungwa kamba za nailoni, wanabweka mpaka povu. Mimi nimesimama na kijimbwa changu kwenye kapu la ukindu, nimevuta mtandio mpaka karibu na macho. Ilipofika zamu yetu bwana mifugo alichungulia ndani ya kapu.

"Huyu ni mbwa au mmeleta samaki?"

Watu wakacheka. Akamchoma upesi, yule akatoa sauti moja tu ndogo, tukawa tumemaliza. Nilikuwa nageuka kuondoka ndipo Baba akaja kutoka shamba na panga begani, akamsalimu bwana mifugo, wakaanza mazungumzo yao. Baba akamsifia mbwa. Akasema usimwone hivi daktari, banda langu la mbata siku hizi linalala salama.

Bwana mifugo akaacha kufunga deli lake la barafu. "Anakamata panya? Kwa mdomo?"

"Sasa atamkamata kwa nini, kwa mkono?"

"Basi huyu mngemfikiria na chanjo nyingine. Ya homa ya mgunda."

Akatueleza, na alitueleza vizuri, sitasema uongo. Alisema panya anabeba vijidudu vya ugonjwa huo kwenye mkojo. Mkojo unaingia kwenye tope, kwenye maji yaliyosimama, na mbwa akiyanywa, au akiwa na mchubuko, ugonjwa unamwingia na kuharibu figo na ini. Mbwa anayekamata panya kila siku yuko karibu nao zaidi. "Na akiugua," alisema huku ananitazama mimi, "naye anaweza kumwambukiza anayemhudumia." Kisha akasema ile ya kichaa cha mbwa ni lazima, hiyo hatuulizani, lakini hii ni hiari. Anaweza kuiagiza akija tena huku kaskazini kuona ng'ombe. Ni sindano mbili, ya pili baada ya wiki chache, na moja peke yake haitoshi.

"Ina ubaya wowote?" Baba aliuliza.

"Wengi hawapati kitu. Lakini sitakuficha, hivi vimbwa vidogo ndivyo vinavyosumbuka zaidi. Dozi haipungui. Anayopewa lile dume pale ndiyo hiyohiyo atakayopewa huyu. Kuna wanaovimba uso, kuna wanaotapika. Mara chache sana, mbwa anaishiwa pumzi."

Nikalitazama lile dume alilolionyesha. Kichwa chake peke yake kilikuwa kikubwa kuliko mbwa wangu mzima.

Baba akacheka, akaniwekea mkono kichwani. "Mbwa ni wa huyu. Yeye ndiye anayemlisha, yeye ndiye ataamua. Au siyo, mama?"

Baba huniita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Najua alisema vile kwa kunipenda. Alidhani ananipa kitu kizuri. Mimi nilihisi kama mtu aliyebebeshwa ndoo iliyojaa, kisha akaambiwa apite katikati ya watu asimwage.

Siku zilizofuata nilikuwa siwezi kula nikashiba. Neno lile hiari lilinikaa vibaya. Ingekuwa lazima ningempeleka, angechomwa, na kama angedhurika tungesema ndivyo ilivyoamriwa. Hiari maana yake likitokea lolote, liwe la ugonjwa au la sindano, limetoka kwangu. Nilimtazama yule akilala kwenye kivuli cha jiko, tumbo linapanda na kushuka haraka haraka kama la kifaranga, nikafikiri mtu anajuaje? Nikaangalia fizi zake kama zina manjano, kwa sababu nilisoma ini likiharibika kuna manjano. Sikujua fizi za mbwa mzima zina rangi gani. Zilikuwa na mabaka meusi na waridi, nikashtuka, nikaenda kuangalia za mbwa wa jirani kupitia uani. Akanibwekea sana, sikuona kitu.

Nilimwomba Baba simu yake ya kupangusa, nikasema ni ya kazi ya biolojia. Mtandao kwetu unashika vizuri ukikaribia mnara wa taa, nikaenda huko mchana baada ya kufua. Nilisoma mpaka macho yakauma. Mtu mmoja nchi ya mbali kaandika usithubutu, mbwa wangu mdogo alichomwa asubuhi, mchana akafa. Chini yake mwingine kaandika wangu sikumchanja nikiogopa maneno kama hayo yako, akafa kwa figo, siku zake za mwisho hakuweza hata kukojoa. Wakatukanana. Mwisho daktari mmoja kaandika kwamba inategemea mbwa anaishi wapi na anafanya nini, zungumza na daktari wako. Nilizima simu. Nilitaka mtu aniambie ndiyo au hapana, mtu yeyote, hata kama amekosea.

Nilifikia hata kuswali istikhara. Nikiwa kwenye mkeka nikaingiwa na wasiwasi mwingine: inafaa kumwomba Mwenyezi Mungu akuchagulie kheri katika jambo la mbwa? Ningemuuliza ustadhi wa madrasa, lakini kumuuliza ustadhi kuhusu mbwa, mbele ya wale watoto, heri kukaa na wasiwasi wangu. Nikaomba hivyo hivyo kimyakimya, bila kulitaja neno mbwa, nikasema "jambo hili", Yeye analijua. Sikuota kitu. Niliota mtihani wa jiografia.

Kadiri siku zilivyokwenda nilianza kuegemea upande wa kusubiri. Siyo kukataa. Kumwambia bwana mifugo asubiri kwanza, anieleze tena, labda yule aongezeke mwili kidogo. Nililifanyia mazoezi neno hilo nikichota maji. "Naomba tusubiri kwanza, daktari." Maneno manne tu.

Alikuja siku ya mapumziko, na pikipiki imejaa vumbi jeupe la barabara yetu mpaka kwenye taa. Bibi alikuwa kibarazani anachambua mchele. Nikamletea mgeni kiti, nikamwamkia, akaitika marahaba mwanangu, akakaa, akafungua deli. Baba akamshika yule kwa kitambaa.

"Haya," bwana mifugo akanigeukia. "Mwenye mbwa anasemaje?"

Wote wakanitazama. Baba, bwana mifugo, Bibi na ungo wake, na mke wa jirani aliyekuwa amekuja kuazima kibao cha mbuzi cha kukunia nazi. Niliangalia chini. Maneno yangu manne yalikuwepo, nayaona kabisa. Naomba. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nikawa nazungusha ncha ya mtandio kidoleni.

Sasa, kwetu msichana anapoposwa huulizwa kama ameridhia, na kama ni mwari hakuna anayetazamia ajibu kwa maneno. Atainama, atanyamaza, na kimya chake kinahesabiwa kuwa ndiyo. Dada yangu alipoolewa mwaka jana nilikuwa nimekaa naye ubavuni. Alipoulizwa akainama, akinamama mlangoni wakapiga vigelegele hata kabla hajavuta pumzi ya pili.

"Kanyamaza!" Mke wa jirani akapiga makofi. "Mwari karidhia!"

Baba akaangua kicheko. "Daktari, umesikia. Kaolewa huyu. Choma."

Hata Bibi alicheka. Na bwana mifugo naye, mgeni, akacheka kwa sababu wenyeji wanacheka, akapiga kidole kwenye bomba la sindano. Nilisema, "Lakini..." Nina hakika nilisema. Labda nilisema ndani. Sindano ikaingia katikati ya mabega, yule akanitazama mimi, siyo aliyemchoma.

Bwana mifugo alikaa kidogo, akanywa maji, akaona mbwa yuko sawa, akaenda zake kijiji cha jirani kwenye ng'ombe wake. Akasema mkiona lolote nipigieni. Nilimweka yule kwenye kapu mbele yangu, nikakaa kumtazama. Akapiga miayo. Akajikuna sikio. Nikaanza kujiambia, unaona, unaogopa bure kila kitu.

Kisha akajikuna tena, na tena, akawa anasugua pua kwenye ukindu wa kapu. Alipoinua uso sikumjua. Mdomo ulikuwa umefura upande mmoja, macho yamebaki vijistari, kama aliyeumwa na nyuki wa mzinga mzima. Mate yakaanza kumtoka.

"Baba!" Sauti yangu ilitoka kubwa mpaka kuku wakatawanyika.

Baba alikuja mbio, akamwona, akasema lahaula, akaanza kupapasa mifuko kutafuta simu ambayo alikuwa ameishika mkononi. Akapiga. Haipatikani. Akapiga tena huku anapanda kwenye kilima cha mchanga kutafuta mtandao. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, nimeshika kapu pande mbili, nasikiliza pumzi. Inaingia, inatoka. Ina mkwaruzo au haina? Nikizuia pumzi yangu nisikie vizuri, naisahau, kifua kinaniuma.

Ndipo Bibi akaniambia, "Sogea."

Sikumwelewa. Bibi hajawahi kumsogelea yule zaidi ya urefu wa ufagio. Alikuwa na panga mkono mmoja na dafu mkono wa pili. Akalikata kichwa kwa mapigo ya upesi, akamimina maji ya dafu kwenye kopo, akachuchumaa, akamshika yule kidevu kwa mkono wake mtupu.

"Bibi, mate..."

"Nimeyaona. Dawa imemzidi nguvu, inabidi ikatwe. Shika kichwa, mke mwenzangu, usinitazame."

Kila mtu kwetu anajua dafu linakata dawa. Aliyekunywa dawa haruhusiwi dafu, na aliyekula sumu ndiye hukimbiziwa dafu. Nikashika kichwa. Yule akalamba, akapaliwa, akalamba tena, mengine yakamwagikia kanga ya Bibi. Nikaingiwa na hofu mpya juu ya ile ya kwanza, maana niliwaza: kama linakata kweli, basi tumeikata na chanjo. Atakuwa ameteseka bure. Na kama halikati, atakufa mbele yangu kwa sababu nimeshindwa kusema maneno manne.

Sijui tulikaa vile kwa muda gani. Nilikuwa nasikia kila injini inayopita barabarani na kuipoteza. Hatimaye pikipiki ikakata kona, bwana mifugo akashuka bila kusimamisha vizuri, ikaanguka. Hakuijali. Akamtazama yule fizi, akasikiliza kifua, akamchoma sindano nyingine ya kutuliza mzio.

"Pumzi iko wazi," alisema. "Uso tu. Mshukuruni Mungu."

Mchana haujaisha, uvimbe ukaanza kushuka. Jicho moja likafunguka, halafu la pili. Akainuka kwenye kapu, akayumba, akajikojolea miguuni. Nikalia pale. Bibi alikuwa kwenye pipa anaosha mikono na kanga, anahesabu kwa midomo, mara ya udongo akaifanya taratibu zaidi kuliko zote.

Nilimuuliza bwana mifugo kwa sauti ndogo, "Tulimpa dafu. Litakuwa limekata chanjo?"

"Hapana. Dafu limekwenda tumboni, dawa iko chini ya ngozi. Hazikukutana."

"Mbona uvimbe umeshuka?" Bibi akauliza kutoka kule penye pipa.

"Umeshuka kwa sindano yangu, bibi."

"Haya. Tuseme hivyo."

Jioni Baba alipokuwa anakunja nyavu za kuzuia ndege kwenye mbegu, aliniambia bila kunitazama, "Mama, ulikuwa unataka kusema nini pale?" Nikamwambia sikuwa na kitu. Akaniuliza tena. Nikasema nilitaka tusubiri. Akaendelea kukunja, akakunja vibaya, akakunjua.

"Basi ya pili useme," alisema. "Hata ukisema kitu cha kipuuzi, sema. Mimi sitajibu kwa niaba yako."

Kwa hiyo nikawa na wiki nyingine za kuhangaika, na hizi zilikuwa mbaya kuliko za kwanza, maana sasa nilikuwa nimeuona uso ule. Moja peke yake haitoshi, bwana mifugo alishasema. Nisipompa ya pili, mateso yote yale yamekwenda bure. Nikimpa, safari hii huenda ikawa siyo uso, ikawa koo. Lakini kila asubuhi nilimsikia bandani, vurumai, kisha kimya, kisha anatoka na panya wake, anakuja kumlaza miguuni pangu, anasubiri nimsifu. Nami nilimtazama yule panya, unyevunyevu wake, mdomo wa yule uliokuwa umemshika. Nilimsifu. Ningefanyaje? Halafu nikaenda kuosha.

Kulikuwa na njia ya tatu, nayo ndiyo niliyoiogopa kupita zote. Kumtoa bandani. Mbwa asiyeshika panya hana haja ya chanjo ile kwa kiasi kile. Lakini asiyeshika panya ana haja gani kwetu? Bibi hakumkubali yule, alimkubali mkamata panya. Na Baba mbata zake anazihitaji.

Siku ya sindano ya pili bwana mifugo hakufungua deli. Alilitua chini, akakaa, akaanza kwa kunieleza. Alisema angempa kwanza dawa ya kutuliza mzio, angoje, ndipo amchome, na hataondoka mpaka ajiridhishe. Alisema hivyo hupunguza hatari, lakini haiondoi.

Niliangalia mikono yangu. Nikasema, "Angekuwa wako, ungemchoma?"

Akajikuna ndevu. "Wangu mkubwa, ningemchoma bila kufikiri. Huyu..." Akamtazama yule, ambaye alikuwa ameanza kujificha nyuma ya kinu tangu alipoisikia pikipiki. "Sijui, mwanangu. Nakwambia ukweli. Akibaki kwenye panya, naogopa panya. Nikishika sindano, naogopa sindano."

Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi, amejiziba mdomo kwa kiganja kabisa, kama mtoto aliyekatazwa kucheka msikitini. Najua alikuwa anajizuia. Kimya kikawa kirefu, nikakisikia kinaanza kugeuka kuwa jibu, nikaogopa.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini?" bwana mifugo aliuliza, kwa upole.

"Asichomwe." Nilikuwa naongea na kinu. "Asichomwe, na asiingie tena bandani. Tuzibe pale chini ya mlango."

"Na panya?" Bibi akauliza. Ungo ukasimama.

"Nitatega mimi."

"Wewe? Unayeogopa mjusi?"

"Nitatega, Bibi. Kila siku. Yule abaki uani tu, abweke watu."

"Habweki watu. Hajawahi kubweka mtu."

"Basi akae tu." Niliona aibu, lakini nilikuwa nimeshafika mbali, kurudi kulikuwa sawa na kwenda. "Akae bila kazi. Chakula chake nakitoa kwenye changu."

Bibi akanitazama mpaka nikahisi shingo inawaka moto. Kisha akaupepeta ungo mara moja, makapi yakaruka.

"Maajabu," alisema. "Tulikuwa na mbwa, sasa tumepata paka wa kidato cha tatu."

Baba akaondoa kiganja mdomoni, kicheko chote alichokuwa amekifungia kikamtoka. Bwana mifugo naye akacheka, lakini kabla hajaondoka aliniita pembeni. Akaniambia nivae mabuti na glavu nikitoa panya mtegoni, nisiwaguse kwa mkono, na nisiache maji yasimame popote uani, hasa mvua zikianza. Maji ya kunywa ya mbwa niyabadilishe kila asubuhi. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikamjibu kwa maneno, nikasema nimeelewa.

Hiyo ilikuwa kabla ya masika. Sasa mvua zimeanza, nami naandika haya mlangoni huku nalitazama anga, kwa sababu ikikatika tu natoka. Nyuma ya banda kuna rundo la vifuu vya nazi, vimetupwa kwa miaka, na kila kifuu kilicholala chali kinashika maji kama kikombe. Sikuwahi kuviona mpaka mwaka huu. Navigeuza kimoja kimoja kwa fimbo, navifudikiza, na mvua inayofuata naona vingine vimepinduka, sijui ni kuku, sijui ni panya wenyewe. Mabuti ni ya Baba, yananipwaya, nikitembea yanapiga kelele. Mitego siku nyingine inashika, siku nyingine mbata imeliwa na mtego uko wazi. Baba huziona mbata zilizotafunwa, anazitupa pembeni.

Yule hakubali. Kila asubuhi anakwenda kulala mbele ya ubao tuliozibia mlango wa banda, pua kaibandika kwenye ufa, analia sauti nyembamba ambayo hakuwa nayo zamani. Anawasikia mle ndani. Namwita anakuja, nikigeuka amerudi. Jana nilimkuta kichwa kimeinama nyuma ya rundo, ulimi unakwenda, nikakimbia na mabuti yangu mpaka nikaanguka. Alikuwa analamba jani. Labda lilikuwa jani tu. Nilimfungua mdomo, nikaangalia fizi, mabaka yaleyale meusi na waridi. Nilikwenda kuosha, nikarudi kugeuza vifuu, na yeye akanifuata nyuma, anasimama kila ninaposimama.